Faragha ndani ya gari lenye intaneti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye gari lililofungwa laini ya simu kiwandani, au gari linalozungumza na programu iliyo kwenye simu yake. Anayeuza gari wiki hii aanze na swali la 15. Anayehofia kufuatiliwa na mtu anayemjua aende moja kwa moja swali la 18, na asizime chochote kabla ya kulisoma.

## Mambo ya msingi

1. Nitajuaje kama gari langu linatuma data?

Tafuta dalili nne: kitufe cha SOS darini, karibu na taa ya ndani, programu ya mtengenezaji inayokuonyesha gari lilipo au kufungua milango ukiwa mbali, ramani ya gari inayoonyesha foleni hata simu yako ikiwa imezimwa, na masasisho yanayoingia yenyewe gari likiwa limeegeshwa. Dalili moja inatosha. Maana yake kuna kisanduku cha mawasiliano mahali fulani ndani ya gari, mara nyingi nyuma ya dashibodi: kompyuta ndogo yenye GPS, antena na laini yake ya simu. Lile pezi la papa juu ya paa peke yake si ushahidi, kwani huenda ni antena ya redio tu.

Laini hiyo kwa kawaida huwezi kuichomoa kama ya simu, kwa kuwa imejengewa kwenye bodi. Wala usidhani kwamba kisanduku kimelala kwa sababu hukujiunga na huduma au muda wa majaribio ya bure umekwisha. Kilichokatwa ni huduma unazoziona wewe. Mazungumzo kati ya gari na mtengenezaji yanaweza kuendelea.

2. Data inatokea wapi kwenye gari?

Kuna milango mitano, na kila mmoja una komeo lake. Wengi hukosea hapa: wanafunga mmoja wakidhani wamefunga yote.

Mlango wa kwanza ni kisanduku cha mawasiliano, kinachotuma kwa seva za mtengenezaji. Wa pili ni simu yako, yaani programu ya gari pamoja na programu nyingine zinazosoma mwendo na mahali ulipo hata kama hazina uhusiano wowote na gari. Wa tatu ni skrini ya dashibodi, ambayo haihitaji intaneti ili ikuumbue: inahifadhi majina ya watu kwenye simu yako, orodha ya waliokupigia, pengine hata ujumbe, na anayekalia kiti baada yako anaweza kuyakuta. Wa nne ni tundu la uchunguzi lenye pini 16 chini ya usukani, ambalo fundi huchomeka kompyuta yake. Wa tano ni redio ndogondogo: Bluetooth, Wi-Fi na sensa za upepo wa matairi.

Katika majibu yanayofuata tunataja mlango unaohusika, kwa sababu dawa ya mmoja haitibu mwingine.

3. Linakusanya nini hasa?

Hutegemea gari na mwaka wake, lakini orodha ya kawaida ni hii: mahali gari lilipo na njia lililopita, saa ya kuwasha na kuzima, umbali, kasi, breki za ghafla, kuongeza mwendo kwa nguvu, mikanda iliyofungwa, milango iliyofunguliwa, hali ya injini au betri, makosa ya mitambo, na vitufe ulivyobonyeza kwenye skrini. Gari la umeme huongeza ulipochaji na kwa muda gani. Ukitumia amri za sauti, sauti yako nayo inaingia.

Juu ya hayo kuna yale mtengenezaji anayojiruhusu kukusanya kwenye sera yake ya faragha, na hapo wanasheria huandika kwa mkono mpana. Shirika la Mozilla, linalotetea faragha mtandaoni, lilipochunguza chapa 25 za magari mwaka 2023, lilikuta sera ya Nissan ikitaja hata mambo ya ngono. Haina maana kwamba gari lina kifaa cha kupima hayo. Maana yake ni kwamba kampuni imejiwekea nafasi ya kuhifadhi chochote itakachokipata, iwe ni kwenye gari, kwenye tovuti, kwa wauzaji au kwa kampuni nyingine.

4. Nilikubali lini?

Mara nyingi ni siku ya kuchukua gari, pale muuzaji alipoishika simu yako "akusaidie kuweka programu" na kubonyeza kukubali mara nne au tano mfululizo. Nyakati nyingine ni kwenye skrini ya gari, kibonye kikubwa cha kukubali kikiwa juu na cha kukataa kimefichwa kurasa mbili ndani. Ukinunua gari jipya, chukua simu yako mkononi na ufanye kazi hiyo mwenyewe, nyumbani, bila haraka. Kitu kinachopewa jina la kuvutia, kama alama za uendeshaji bora au ushauri wa uendeshaji, ndicho cha kusoma mara mbili.

## Nani anaipata

5. Je, kampuni ya bima inaweza kujua ninavyoendesha?

Inaweza, na imeshatokea bila wenye magari kufahamu. Mwaka 2024 gazeti la New York Times lilieleza jinsi General Motors ilivyokuwa ikichukua data za madereva kupitia huduma ya OnStar Smart Driver na kuzipeleka kwa madalali wawili wa data, LexisNexis na Verisk, ambao huziuzia kampuni za bima. Mwenye Chevrolet Bolt mmoja, gari la General Motors, aliomba faili lake kwa LexisNexis akapewa kurasa 258. Zaidi ya kurasa 130 zilikuwa safari zake na za mkewe kwa miezi sita, jumla 640: saa ya kuondoka, saa ya kufika, umbali, na idadi ya mara breki zilipokanyagwa ghafla. Mahali walipokwenda hapakuwemo. Bima yake ilikuwa imepanda kwa asilimia 21.

General Motors iliacha kupeleka data hizo kwa madalali hao Machi 2024. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza makubaliano ya kuizuia kampuni hiyo kwa miaka 5 isipeleke data za mahali na za uendeshaji kwa kampuni zinazoandaa ripoti za wateja. Kwa mujibu wa tume, mahali gari lilipo palikuwa pakirekodiwa hata kila baada ya sekunde 3.

Tatizo la data hizi ni kwamba hazina macho. Breki ya ghafla ya mtu aliyemwepuka mtoto barabarani na ya mtu aliyekuwa akichezea simu zinaandikwa sawasawa.

Mlango wa pili nao unahusika. Januari 2025 mwanasheria mkuu wa jimbo la Texas aliishtaki kampuni ya bima ya Allstate pamoja na tawi lake Arity, akidai zilipachika msimbo wa kufuatilia mwendo ndani ya programu za simu za watu wengine. Kwa hiyo hata mwenye gari la mwaka 1995 anaweza kupimwa, mradi simu iko mfukoni.

6. Polisi wanaweza kuchukua data za gari langu bila amri ya mahakama?

Sheria hutofautiana, lakini usitegemee mtengenezaji akutetee. Mozilla ilikuta asilimia 56 ya chapa ilizochunguza zikisema zinaweza kutoa taarifa kwa serikali au polisi kwa ombi tu. Aprili 2024 maseneta wawili wa Marekani, Ron Wyden na Edward Markey, walifichua kuwa Toyota, Nissan, Subaru, Volkswagen, BMW, Mazda, Mercedes-Benz na Kia zilikubali kwamba hutoa data za mahali kwa hati isiyohitaji jaji, ilhali kampuni za magari nchini humo ziliahidi mwaka 2014 kudai kibali cha mahakama.

Skrini ya gari ni habari nyingine. Gari likikamatwa, wachunguzi wana vifaa vya kunyonya kumbukumbu yake, na hapo mtengenezaji haulizwi.

7. Data zimewahi kuvuja?

Mara nyingi tu. Mei 2023 Toyota ilisema data za wenye magari kama milioni 2.15 nchini Japani, zikiwemo za mahali, zilikuwa wazi tangu Novemba 2013 kwa sababu ya mpangilio mbaya wa seva. Desemba 2024 ilifichuka kwamba Cariad, kampuni ya programu ya Volkswagen, iliacha wazi data za magari ya umeme yapatayo 800,000. Kwa karibu 460,000 kati ya hayo, mtu angeweza kujua lilipoegeshwa kwa usahihi mkubwa. Januari 2025 watafiti Sam Curry na Shubham Shah walionyesha jinsi walivyoingia kwenye mfumo wa wafanyakazi wa Subaru na kuona mwaka mzima wa safari za gari. Kasoro hiyo ilizibwa haraka; kilichobaki ni fundisho kwamba mfanyakazi mwenye ruhusa alikuwa akiona vilevile.

Kwa macho ya wafanyakazi hasa, tazama swali la 12.

## Kupunguza

8. Nina nusu saa tu. Nifanye nini?

Fuata mpangilio huu, maana unaanza na kinachopunguza mengi kwa kazi ndogo.

Fungua programu ya gari kwenye simu. Ingia kwenye akaunti, kisha sehemu ya faragha au ridhaa, na uzime alama za uendeshaji, ofa za bima, matangazo, na kushirikisha kampuni nyingine. Usiishie kwenye ukurasa wa kwanza. Vibonye hivi mara nyingi vimetawanywa sehemu mbili au tatu. Piga picha ya skrini kila unapozima, kwa sababu sasisho linaweza kuviwasha upya na utahitaji ushahidi.

Toka hapo uende mipangilio ya simu yenyewe. Ipe programu ya gari ruhusa ya mahali "wakati wa kutumia tu", au uinyime kabisa. Fanya hivyo kwa kila programu isiyo na sababu ya kujua ulipo, hasa zile za mafuta, hali ya hewa na kufuatilia familia.

Kisha kaa ndani ya gari, washa, na ufungue mipangilio kwenye skrini. Tafuta sehemu ya mawasiliano au faragha. Baadhi ya magari yana ngazi: kutuma kila kitu, kutuma data bila mahali, kutotuma. Baadhi hukupa kuwasha au kuzima tu. Kumbuka kwamba wasifu wa kila dereva unaweza kuwa na mipangilio yake, kwa hiyo ukizima kwako na mwenzako hakuzima, safari zake zinaendelea kwenda.

Rudi kuangalia baada ya kila sasisho kubwa na kila gari linapotoka kwa wakala.

9. Nichomoe fyuzi ya kisanduku cha mawasiliano?

Ni dawa yenye nguvu ya mlango wa kwanza, na ina madhara yake. Kabla ya kuanza pata mchoro wa fyuzi wa gari lako hasa, kwa mwaka wake. Kubahatisha ni hatari, kwani fyuzi jirani inaweza kuwa ya mifuko ya hewa.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: kitufe cha SOS kinakufa na taa yake huwaka nyekundu au ujumbe wa hitilafu hubaki kwenye dashibodi, amri za mbali hazifanyi kazi, na masasisho ya usalama hayaingii. Katika baadhi ya magari maiki hupitia kisanduku hichohicho, kwa hiyo simu zako za Bluetooth zinakuwa bubu, na spika moja au mbili za mbele zinaweza kunyamaza. Mafundi huziba pengo hilo kwa waya wa kurukia kisanduku. Zaidi ya hayo, visanduku vingine vina betri yao ndogo ya dharura, kwa hiyo kuchomoa fyuzi au betri kubwa hakuvinyamazishi papo hapo.

Kung'oa antena badala ya fyuzi hatushauri. Karibu na mnara kisanduku bado kinaweza kushika mtandao, na kikikosa hubaki kikiutafuta bila kukoma na kula betri.

Kwa gari la mkopo au la kukodi kwa miaka, soma mkataba kwanza. Na kama gari ni la Ulaya, soma swali la 10 kabla hujagusa chochote.

10. Kitufe cha SOS kinanipeleleza?

Mfumo wa simu za dharura wa eCall, uliolazimishwa Umoja wa Ulaya kwa aina mpya za magari tangu 31 Machi 2018, umebuniwa ulale. Haujisajili kwenye mtandao wala kutuma chochote hadi mifuko ya hewa ifumuke au kitufe kibonyezwe. Hapo hupiga namba ya dharura, 112, na kutuma kifurushi kidogo: saa, mahali, mwelekeo, namba ya chesisi, aina ya nishati, na idadi ya abiria kwa kuhesabu mikanda.

Tatizo ni kwamba magari mengi hutumia maunzi yaleyale kwa huduma za kulipia za mtengenezaji, na hizo hazilali. Huo wa dharura ungepaswa kuwa kitu cha mwisho kabisa kuuzima.

11. Kutumia CarPlay au Android Auto kunanilinda?

Kwa mlango wa tatu, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Unachokiona kwenye skrini ni picha inayorushwa na simu, kwa hiyo ramani, ujumbe na majina vinabaki kwenye simu. Lakini gari linaendelea kujua kasi, mahali na kila kitu kinachotoka kwenye sensa zake, na kisanduku cha mawasiliano hakijali ramani gani unatumia. Kwa upande wa pili, gari huipa simu baadhi ya data zake, kwa hiyo Apple au Google nao wako mezani.

Kinachowaponza watu ni Bluetooth ya kawaida. Gari linapoomba ruhusa ya kusoma majina na orodha ya simu, kataa. Muziki na kupokea simu vitafanya kazi bila hayo. Kama ulishakubali, kwenye iPhone ingia mipangilio, Bluetooth, bonyeza alama ya i pembeni ya jina la gari, kisha uzime kuoanisha majina. Kwenye Android bonyeza gia pembeni ya jina la gari uzime kushirikisha majina na simu zilizopigwa. Hilo linazuia ya mbele tu. Yaliyokwisha kunakiliwa yafute kwenye skrini ya gari.

## Kamera na maiki

12. Kamera ya ndani inanirekodi?

Tenganisha kuangalia na kurekodi. Kamera iliyo juu ya usukani au karibu na kioo cha nyuma mara nyingi hufuata macho na kope ili ikuamshe ukisinzia. Katika Umoja wa Ulaya kanuni zinataka mfumo huo ujitegemee ndani ya gari, usipeleke data kwa wengine. Kamera nyingine huhifadhi video ajali inapotokea au kituko kinapojitokeza, na hizo ndizo za kutafutia kibonye.

Usichukulie neno la mtengenezaji kama komeo. Aprili 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kati ya 2019 na 2022 wafanyakazi wa Tesla walikuwa wakitumiana picha na video za faragha zilizonaswa na kamera za magari ya wateja. Ukizima kushirikisha video na bado huna amani, kipande cha utepe wa gundi usiopitisha mwanga kinatosha kwa kamera ya ndani, ila gari linaweza kulalamika au kukunyima msaada wa kujiendesha.

13. Na kamera za nje, kwa watu wanaopita?

Hapo mwenye gari ndiye anayewajibika mbele ya sheria. Mamlaka ya faragha ya Uholanzi iliichunguza Sentry Mode ya Tesla, yaani kamera zinazolinda gari likiwa limeegeshwa, na mwaka 2023 ikaeleza kwamba baada ya mabadiliko kamera hazirekodi daima. Huanza gari linapoguswa. Ukiegesha mkabala na dirisha la jirani, zima.

14. Maiki inasikiliza muda wote?

Ukiwa na amri ya sauti inayoamshwa kwa neno, ndiyo, inasubiri neno hilo. Kinachofuata baada ya neno ndicho kinachoweza kupelekwa kwa seva. Zima neno la kuamsha, utumie kitufe cha usukani.

## Kuuza, kununua, kukodi

15. Nauza gari. Nifute nini?

Mambo matatu tofauti, na kurejesha mipangilio ya kiwandani hufanya moja tu.

La kwanza, skrini. Futa nyumbani na kazini kwenye ramani, simu zilizounganishwa, msimbo wa kufungua geti au gereji, nywila za Wi-Fi, kisha rejesha mipangilio ya kiwandani. Usizime gari katikati. Likishawaka upya, hakiki mwenyewe: ingia sehemu ya Bluetooth na ya safari za karibuni. Ukikuta jina la simu yako bado lipo, kufuta hakukukamilika.

La pili, akaunti. Ondoa gari kwenye programu ya simu. Kufuta programu hakutoshi, kwa sababu uhusiano kati ya jina lako na namba ya chesisi uko kwenye seva. Mwaka 2017 mtafiti wa IBM, Charles Henderson, alieleza kwamba gari aliloliuza miaka kadhaa nyuma lilikuwa bado likionekana kwenye simu yake, na angeweza kulifungua. Kesi yako inaweza kuwa kinyume: mnunuzi anaendesha kwa jina lako.

La tatu, data zilizokwisha kwenda. Hizo hazifutwi na kibonye chochote ndani ya gari. Tazama swali la 17.

Gari lililogongwa hadi halifai huuzwa likiwa na kumbukumbu zake zote. Kama skrini bado inawaka, fanya hatua ya kwanza kabla ya kulikabidhi. Kama haiwaki, ya pili bado inawezekana ukiwa kitandani.

16. Nimenunua au nimekodi gari lililotumika. Je?

Aliyenunua arejeshe mipangilio ya kiwandani siku ya kwanza, ajisajili kama mmiliki mkuu, na kama mfumo unasema gari tayari lina mtu, apige kwa huduma ya wateja akiwa na hati ya umiliki mkononi. Hadi jambo hilo limalizike, achukulie kwamba kuna mtu mwingine mwenye ufunguo. Achungulie pia tundu la uchunguzi: kifaa kidogo kilichochomekwa humo huenda ni cha bima au cha mkopeshaji aliyepita, na hutuma kivyake.

Aliyekodi asiunganishe simu kabisa ikiwezekana. Kama unahitaji kuchaji tu, tumia tundu la kiberiti au waya usiopitisha data. Ukiunganisha, futa simu yako kwenye orodha kabla ya kurudisha funguo. Ndiyo, hapo utaona majina ya simu za wote waliokutangulia.

## Haki na hali zisizo za kawaida

17. Naombaje data zangu, au zifutwe?

Chini ya sheria ya Ulaya ya GDPR, iliyoanza kutumika 2018, kampuni ina mwezi mmoja kujibu, na inaweza kuongeza miwili kwa ombi gumu. Sheria ya California hutoa siku 45. Tangu 12 Septemba 2025 sheria nyingine ya Umoja wa Ulaya inampa mtumiaji haki ya kupata data zinazozalishwa na kifaa chake, gari likiwemo. Nchi nyingi zina sheria ya data binafsi yenye haki inayofanana. Hata usipokuwa nayo tuma ombi, kwani kampuni nyingine hutumia fomu moja kwa wote.

Andika kwa kitengo cha faragha, usiandike kwa muuzaji. Maneno kama haya yanatosha: "Mimi ni mmiliki wa gari lenye namba ya chesisi ifuatayo, na akaunti yangu ni ya barua pepe hii. Naomba nakala ya data zote zinazohusishwa na namba hiyo na akaunti hiyo, zikiwemo za mahali na za uendeshaji. Majina ya kampuni zilizopewa data hizo na tarehe. Na muda mtakaozihifadhi. Baada ya kunijibu, naomba mzifute."

Omba nakala kabla ya kufutwa, kwa mpangilio huo. Ukianza na kufuta, hutajua kamwe walikuwa nazo zipi. Marekani, ongeza ombi kwa LexisNexis na Verisk. Sheria ya huko inakupa haki ya kuona faili lako.

Usitarajie ukarimu. Katika uchunguzi wa Mozilla wa 2023 ni chapa mbili tu, Renault na Dacia, zilizosema madereva wote wana haki ya kufutiwa.

18. Nahofia mwenzi au mtu wa zamani ananifuatilia kwa gari.

Usizime wala usimwondoe mtu yeyote kwanza. Programu nyingi humtumia mmiliki mkuu taarifa pale mtumiaji anapoondolewa au huduma ya mahali inapozimwa, na taarifa hiyo inaweza kukuletea hatari. Kwa simu asiyoijua, zungumza na shirika linalosaidia wahanga wa ukatili au na polisi, mpange siku.

Wakati huo kusanya ushahidi: picha za orodha ya watumiaji kwenye programu, barua pepe za arifa, tarehe alipotokea mahali usipotarajia. Angalia jina gani ni la mmiliki mkuu. Kama ni lake na gari liko kwa jina lake kisheria, kampuni huenda ikakataa kumwondoa bila amri ya mahakama, kwa hiyo omba amri itaje gari na huduma zake za mbali waziwazi. Kumbuka milango mingine: simu yako, tundu la uchunguzi, na kifaa cha kufuatilia kilichofichwa kwenye buti au chini ya bampa. Kama safari moja haipaswi kujulikana, nenda kwa gari jingine na uiache simu.

19. Sanduku jeusi la gari je?

Kinasa ajali hukaa ndani ya kompyuta ya mifuko ya hewa. Huandika kasi, breki, usukani na mikanda kwa takriban sekunde 5 kabla ya mgongano. Kanuni ya Marekani ya Desemba 2024 inarefusha hadi 20. Hakirekodi sauti wala hakitumi chochote. Husomwa kwa waya. Marekani, sheria ya 2015 inasema data hizo ni mali ya mwenye gari au aliyelikodi. Ulaya, kinasa hakiruhusiwi kuhifadhi tarakimu 4 za mwisho za namba ya chesisi. Kukitoa ni kuchezea mifuko ya hewa. Kiache.

20. Ni kweli matairi yanaweza kunitambulisha?

Kweli. Kila sensa ya upepo hutangaza namba yake ya kipekee bila kuificha, kwa masafa ya megahezi 315 au 433, kila baada ya dakika moja hivi gari likitembea. Mwaka 2010 watafiti wa vyuo vikuu vya South Carolina na Rutgers waliinasa kutoka umbali wa mita 40. Namba hiyo haina jina lako, lakini anayeweka vipokezi viwili barabarani anaweza kujua kwamba ni gari lilelile. Dawa ya bei nafuu haipo, na kwa watu wengi kamera zinazosoma namba za usajili ni tishio kubwa zaidi.

21. Gari langu lilitumia mtandao wa 3G uliozimwa. Niko salama?

Mlango wa kwanza umefungwa, kama kisanduku hakina teknolojia nyingine ya kurudi nyuma. Hiyo huwakuta pia walioagiza gari kutoka nchi ambayo laini yake haifanyi kazi nje. Milango minne iliyobaki iko kama ilivyokuwa, na ukiliunganisha gari na Wi-Fi ya nyumbani au simu yako, data zilizokuwa zimekwama zinaweza kupata njia.

22. Abiria wangu nao?

Sera ya Subaru, kama Mozilla ilivyoonyesha, ilimhesabu abiria kuwa amekubali kwa kule kupanda tu. Abiria hana kibonye chochote. Anachoweza ni kutounganisha simu yake. Mengine ni juu ya mwenye gari.